Ukurasa wa Kushoto

Jarida lilikuja likiwa limefungiwa pampu ya mafuta,
ndani ya boksi, kwa treni ya kutoka Dar.
Nililinyoosha juu ya boneti ya Landrova ya misheni,
nikalisoma mikono ikiwa na grisi.
Alama ya dole gumba langu ipo pale mpaka leo,
ukurasa wa kushoto, chini ya nyota ya tano.

Wanalisifu gari. Jekundu, milango miwili,
limelala chini kama paka aliyeona panya.
Mwandishi anasema usukani wake unanong'ona,
anasema linaikata kona kama kisu kipya kwenye tikiti,
anasema breki zake... nimesahau,
sifa zikizidi hazikai kichwani.
Kasoro ameiona moja:
tundu la kuwekea kikombe ni dogo.

Ukurasa wa kulia, gari lile lile,
wekundu ule ule, ila hapa linauzwa.

Sisemi kitu.
Nasema tu ukilifunga jarida
kurasa hizo mbili hulala midomo kwa midomo.

Mimi mtoto wa tumbaku, wa Urambo.
Nilimwona mteuzi akishuka kituo cha ununuzi,
kalala nyumba ya wageni ya kampuni,
kala kuku wa kampuni,
akanyanyua jani la mama yangu, Nyanzala,
akalinusa, akalielekeza juani,
akasema, "La nne."
Hakutukana mtu. Bahasha sikuiona.
Alikuwa mpole, alituuliza tunasoma darasa la ngapi.
Ila kuku wa watu
akishafika tumboni huanza kusema.

Na huyu wa jarida naye, mwisho kabisa,
kwa herufi ndogo kama sisimizi, anashukuru:
tiketi ya ndege, hoteli,
barabara ya milimani iliyofungwa siku mbili kwa ajili yake.
Ungefanyaje wewe?
Umepewa funguo, asubuhi, umande,
hakuna lori la mkaa mbele yako.
Ungeandika kwamba linagonga?

Mwaka jana likaja la kweli.
Si lile, ni ndugu yake, la Mihayo wa asali,
limeshatumika Japani miaka kumi na mitatu.
Lilifika Kiloleni juu ya mgongo wa fuso,
tumbo limechanika kwenye mfereji wa Isevya,
chujio la hewa limejaa vumbi kama unga wa muhogo.
Nikaingia uvunguni, nikaona zile nyota zisikofika:
boliti ya kumwagia oili, chini kabisa, wazi,
kama kitovu cha mtoto.
Nani huko milimani angeijua Isevya?
Labda hakudanganya.
Labda aliisema kweli ya barabara yake.

Nikachomelea, nikajaza oili.
Mihayo akanirushia funguo:
"Lijaribu, fundi. Barabara ya Nzega."
Lami tupu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Mwendo sitautaja, trafiki nao wanasoma.
Miombo ikawa ukuta mmoja wa kijani,
na usukani, Mungu anisamehe,
ulinong'ona.

Niliporudi akaninunulia soda na chipsi mayai.
"Enhe, unalionaje?"
Nikaiona ile boliti.
Nikayaona na macho yake yanavyosubiri.
Nikasema, "Hiki ni chuma."

Usiku nikaandika nyuma ya kitabu cha risiti,
wasikofika wateja:

*Gari zuri. Halina tumbo la Tabora.
Niliendesha bure, mafuta ya mwenyewe.
Nililipenda kabla sijalikagua mara ya pili.
Atakayesoma hapa aondoe nyota moja
kwa ajili ya soda.
Chipsi sikumaliza.*